Bi Pimbi na Mwonjaji wa Bustani Kuu

— Ngano yaja.
— Na ije, mlango u wazi.
— Yaja na mgeni.
— Mgeni apishwe.
— Yaja na mwenyeji.
— Mwenyeji akae mbali.
— Mbona akae mbali?
— Hatuujui mkono wake.

Vyema. Kama hamuujui mkono wake, leo mtaujua. Kaeni vizuri. Mimi husimulia polepole, na asiye na subira atangulie kulala.

Hapo kale wanyama walikuwa na mji wao, mji mkubwa wenye barabara na moshi na kelele, na katikati ya mji palikuwa na bustani. Waliiita Bustani Kuu. Ilikuwa na lango la chuma, viti vya mbao vya kupumzikia, mawaridi, bembea, jukwaa la wapiga ngoma, na bwawa lenye ndege. Hakuna aliyekwenda huko kulima wala kuchuma. Walikwenda kutembea tu na kutazama, kisha wakarudi kwao wakasimulia.

Mbali na mji, kwenye majabali, waliishi Bi Pimbi na mumewe Mbaruku. Pimbi mnawajua. Ni wanyama wadogo, wanene, hawana mkia, na kazi yao kubwa ni kuota jua na kushuku. Mmoja akila, mwingine husimama juu ya jiwe akitazama. Kivuli kikipita, hupiga kelele kwanza, huuliza baadaye. Ndivyo walivyoishi hao wawili miaka mingi. Mbaruku alikula, mkewe akatazama. Mkewe alikula, Mbaruku akatazama.

Kila Alhamisi Bi Pimbi alioka mikate ya mtama yenye iliki, na kila Alhamisi Mbaruku aliila, akanenepa, akamshukuru Mola. Akishashiba husema, "Mke wangu, tukizeeka tutakwenda Bustani Kuu. Tutatembea siku nzima kama watalii, hatuna kazi, hatuna haraka. Na mikate tutawapelekea ndege wa bwawani, maana nasikia wana njaa."

Wakazeeka. Lakini masika yakaja na baridi, kifua cha Mbaruku kikabana, na Mola akamchukua mja wake. Bi Pimbi akakaa eda. Alikula peke yake, na juu ya jiwe hapakuwa na mtu wa kumtazamia.

Alipotoka eda, siku ya Alhamisi, aliamka alfajiri akaoka mikate, akaijaza kikapu. "Hii ni sadaka ya mume wangu," akasema. "Itafika bwawani, wataila wenye njaa, watamwombea. Na bustani nitaitazama kwa macho mawili, moja langu na moja lake." Siku hiyo alikuwa amefunga saumu ya sunna, kwa hiyo mikate ile hakuionja hata chembe.

Akajifunika kanga yake, akashika njia. Tepu, tepu, tepu. Akienda, akiimba kwa sauti ndogo:

*Mkate wangu, tulia kikapuni,*
*wenye kukula wako bwawani.*

Akafika kwenye lango la chuma. Juu ya lango amekaa Kunguru, ambaye kazi yake ilikuwa kujua mambo ya watu.

"Shoga, umebeba nini?" Kunguru akauliza.

"Kikapu."

"Na ndani ya kikapu?"

"Mambo ya kikapu."

Kunguru akacheka. "Wewe ni wa majabalini. Nimekujua kwa macho. Watu wa majabalini hutazama kama walioibiwa jana."

"Na watu wa mjini?"

"Sisi tunangojea ya leo."

Bi Pimbi hakuyapenda maneno hayo. Alikisogeza kikapu kikaingia chini ya kanga. Mara akasikia pu, pu, pu, na ardhi ikatetemeka. Akaja Nyani Dume, kifua kipana, mikono mirefu, tumbo limetangulia. Hakuna aliyemchagua Nyani kuwa mkubwa wa bustani ile. Lakini hakuna aliyekuwa na nguvu za kumwuliza nani kamchagua.

"Karibu, mama, karibu mgeni wetu," Nyani akasema. "Mimi ndiye mwenyeji hapa. Mgeni hatembei peke yake. Nitakuonyesha kila kitu."

"Ahsante, baba. Macho yangu bado yanaona."

"Macho huona, hayajui. Hebu kikapu."

"Kikapu kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea. Ila huu ni mji, mama. Watu wanalishana vitu vibaya. Chakula kikiingia hapa, lazima kionjwe. Mwenyeji huonja. Ndiyo desturi."

Bi Pimbi akashangaa. Kwao desturi ilikuwa kinyume. Kwao mwenye chakula ndiye anayeanza: humega kidogo, hula mbele ya wageni, wageni wakajua hakuna ubaya ndani, ndipo wakanyoosha mikono. Huo ndio uungwana. Lakini kuonja chakula cha mtu kabla mwenyewe hajakionja, hilo hakuwahi kulisikia. Alitaka kulisema. Mkono wa Nyani ukawa mwepesi kuliko ulimi wake. Uliingia chini ya kanga, ukatoka na mkate mzima. Gubu. Mkate haukuonekana tena.

"Huko ndiko kuonja?" akauliza Bi Pimbi.

"Kinywa changu kikubwa, mama. Nikimega kidogo sisikii kitu."

Kunguru akacheka huko juu. "Mwonjaji hodari huyo, shoga. Jana kaonja mahindi ya Swala mpaka magunzi."

Wakaingia ndani. Nyani mbele, Bi Pimbi nyuma, na Kunguru anafuata juu juu, mti hadi mti.

Wakafika mahali palipokuwa na kibao kimeandikwa: Usikanyage majani. Majani yalikuwa mabichi, laini, yamekatwa sawasawa kama nywele za maharusi. Bi Pimbi akayazunguka, akayanusa.

"Majani yasiyokanyagwa," akasema, "chini yake pana nini?"

"Pana udongo."

"Na chini ya udongo?"

"Mama, ni majani tu."

"Hivyo ndivyo husema mwenye kuficha," akasema Bi Pimbi, akaendelea na safari yake pembeni.

Wakafika penye chemchemi. Hii haikuwa chemchemi ya kutoka ardhini kwa adabu. Maji yake yaliruka juu, fyuu, yakaanguka, chwaa, yakaruka tena, fyuu. Bi Pimbi akasimama mbali. Maji aliyoyajua yeye hushuka. Maji yanayopanda yenyewe bila kusukumwa yana shauri. Lakini akakumbuka kwamba jicho moja halikuwa lake, akasogea hatua, akalipa jicho hilo nafasi litazame vizuri. Akaona upinde wa rangi ndani ya maji. Akasema kimya, "Umeona, Mbaruku?"

Alipogeuka, Nyani alikuwa na mkate mwingine mkononi.

"Baba, huo si ulikwisha kuonjwa langoni?"

"Ulionjwa mwenzake. Huu wenyewe nani anaujua? Mwenyeji huonja. Ndiyo desturi." Gubu. Kisha akarudisha mkono akachukua wa tatu, kwa kuwa wa pili ulipita haraka, akasema, na hakuwahi kuusikia vizuri.

Bi Pimbi akakipima kikapu kwa mkono wake. Mkono wa mwokaji haukosei. Kikapu kilikuwa kimepungua, na bwawa lilikuwa bado mbali, nyuma ya mawaridi, nyuma ya bembea, nyuma ya jukwaa la ngoma. Kila mahali pa kutazama palikuwa mahali pa kuonja. Kwa mwendo ule, sadaka ya Mbaruku ingefika bwawani ikiwa kikapu kitupu na makombo ya kupepea. Nani angemwombea Mbaruku kwa makombo?

Angefanya nini? Kukimbia hawezi, miguu yake mifupi. Kupigana hawezi, vidole vya Nyani vilikuwa vinene kuliko shingo yake. Na kusema uongo hakutaka, maana mtu hapeleki sadaka kwa mkono mmoja na dhambi kwa mkono wa pili. Akaomba moyoni, "Mola wangu, usinitie neno la uongo kinywani. Lakini la kweli ukinipa, nitalitumia."

Akaenda. Tepu, tepu, tepu. Akaimba:

*Mkate wangu, tulia kikapuni,*
*wenye kukula wako bwawani.*

Wakafika kwenye sanamu kubwa ya tembo, ya jiwe jeusi, ameinua mkonga.

"Watalii wote husimama hapa," akasema Nyani. "Mtazame. Huyo ni Tembo."

"Namjua," akasema Bi Pimbi. "Sisi ni ndugu."

Nyani akacheka mpaka akashika magoti. "Wewe na Tembo? Wewe unaingia katika sikio lake na nafasi ikabaki."

"Babu zetu walikuwa wamoja. Wazee wetu wanasimulia, na wazee wa tembo wanakubali."

"Mama, usinione hivi. Mimi simwamini mtu hovyo hovyo." Na huku akicheka, mkono ukaingia kikapuni, ukatoka na mkate. Akaufungulia kinywa.

Bi Pimbi akamtazama kwa upole. "Umenisaidia sana, baba," akasema. "Maana mimi mwenyewe sijauonja."

Kinywa cha Nyani kikabaki wazi. Mkate ukasimama mlangoni.

"Hujauonja?"

"Tangu nilipoutoa motoni haujagusa ulimi wangu."

"Kwa nini?"

"Nimefunga."

Nyani akaushusha mkate kidogo. "Lakini kwenu mnaula mkate huu. Watu wanaula."

"Mume wangu alikuwa akiula. Aliupenda sana. Mkate mwingine hakuutaka."

"Yuko wapi mumeo?"

"Amefariki."

Nyani akaushusha mkate zaidi. "Lini?"

"Ndiyo kwanza nimetoka eda."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Kazi ya Mungu haina makosa."

Nyani akaugeuza mkate mkononi. Upepo ukapita. Akauliza taratibu, kama mtu anayepapasa shimo kwa mguu, "Alikula mkate huu?"

"Alikula."

"Halafu akafa?"

"Halafu akafa."

"Alikula... kipande?"

"Hakuwahi kubakisha."

"Mara ya mwisho alipokula, alisema nini?"

Bi Pimbi akafikiri, kwa sababu alitaka kusema sawasawa kama ilivyokuwa. "Alisema, mke wangu, leo umekolea."

"Umekolea nini?"

"Hakufafanua, baba. Alilala."

Nyani akaurudisha mkate kikapuni kwa ncha za vidole viwili. Akafuta vidole vile kwenye mguu wa tembo wa jiwe. Hapo tumbo lake, lenye mikate mitatu mizima isiyotafunwa, likasema: kurrr.

Wote wawili wakalitazama.

"Hilo ni tumbo tu," akasema Nyani.

"Ni tumbo," akakubali Bi Pimbi. "La marehemu nalo lilikuwa likilia hivyo hivyo."

Kweli lilikuwa likilia. Lililia kila Alhamisi, kwa shibe, miaka yote ya ndoa yao. Lakini hilo Nyani hakuliuliza, na Bi Pimbi hakuwa mtu wa kujibu asiloulizwa.

"Onja wewe," akasema Nyani. "Onja sasa hivi nikuone."

"Nimefunga, baba."

"Kwa ncha ya ulimi tu. Uteme."

"Ncha ya ulimi haina tumbo. Itashuhudia nini?"

Nyani akaona neno hilo lina maana. Jasho likamtoka puani. "Nipe dawa, mama."

"Mimi si mganga."

"Lazima unajua kitu."

"Najua neno moja nililofundishwa utotoni. Mwenye kuhofia balaa hutoa sadaka. Na mwili wenye wasiwasi, heri utembee kuliko ulale."

"Basi tutembee."

"Miguu yangu mifupi, baba. Nitakuchelewesha. Tangulia."

Hilo Nyani hakulitaka kabisa. Amwache mtu pekee aliyejua Mbaruku alikufaje? "Panda mgongoni," akasema. "Nitakubeba."

"Na kikapu?"

"Kikapu kishike wewe. Kishike mbali na uso wangu."

Basi Bi Pimbi akapanda, akakaa juu ya mabega ya Nyani kama bibi harusi juu ya punda. Huko juu ya mti, Kunguru, aliyesikia nusu ya maneno na nusu nyingine akajijazia, akaruka pa, pa, pa, kwenda kuyatawanya kabla hayajapoa.

Ndipo Bi Pimbi alipoiona Bustani Kuu. Aliona mawaridi mekundu na meupe. Nyani, ambaye kila siku hupita akiyala, leo aliyaruka na kusema mawaridi mengine yana sumu, mtu hawezi kujua. Akaona bembea, akaketi, na Nyani akamsukuma, shwee kwenda, shwee kurudi. Kila aliporudi Nyani aliuliza, "Na alilalamika kichwa?" Bi Pimbi akajibu, "Kichwa hapana." Shwee. "Na miguu?" "Miguu ilikuwa baridi." Shwee. Nyani akaishika miguu yake. Ilikuwa baridi, kwa sababu alikuwa amesimama kwenye majani yenye umande. Lakini mwenye wasiwasi hana umande, ana dalili.

Wakafika kwenye jukwaa la wapiga ngoma. Nyani akamshusha Bi Pimbi, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingia chini ya jukwaa, akatoka na ndizi. Akaingia tena, akatoka na mihogo. Akaingia tena, akatoka na karanga kwenye kofia ya mtu, na maembe, na vipande vya muwa, na mahindi mazima.

"Vyote hivi ni nini?" akauliza Bi Pimbi.

"Ni vya wageni. Nilivichukua kuvionja."

"Mbona vizima?"

"Nilikuwa sijamaliza kuonja." Nyani akainamisha kichwa. "Ulisema sadaka huondoa balaa. Hii inatosha?"

"Kipimo anacho Mwenyewe," akasema Bi Pimbi, akaelekeza kidole juu. "Sisi tunapeleka tu."

Nyani akavibeba vyote. Akambeba na Bi Pimbi. Akaenda akitoa jasho, akihema, hoo, hoo, hoo, mpaka bwawani.

Ndege wa bwawa lile walikuwa wembamba. Palikuwa na bata wa mabawa mabovu, hua vipofu wa jicho moja, na vifaranga wasio na mama. Mkubwa wao alikuwa Bi Bukini, mzee mweupe mwenye shingo ndefu. Miaka mingi hawakuwa wameona kombo la mtalii, maana kila kilichoingia langoni kiliishia kwa mwonjaji.

Nyani akamwaga chakula chini. Bi Pimbi akatandika kanga yake juu ya majani, akaipanga mikate yake katikati, taratibu, kama alivyokuwa akimpangia mumewe. Akasema, "Bismillahi, jamaa zangu. Hii ni sadaka ya mume wangu. Kuleni, mumwombee."

Hakuna aliyesogea.

Bata wakaitazama mikate. Wakamtazama Nyani. Kifaranga mmoja akanyoosha shingo, bata mkubwa akamvuta nyuma.

"Pole kwa msiba, bi mkubwa," akasema Bi Bukini. "Mungu akupe subira. Lakini Kunguru kapita hapa. Kasema mkate wako umemuua mtu, na Nyani naye kaula, yuko njiani."

Moyo wa Bi Pimbi ukashuka. Neno alilolitega kwa Nyani lilikuwa limetembea upesi kuliko yeye, limefika kabla yake, limekaa juu ya mikate ya Mbaruku kama nzi. Njaa iko hapa, mkate uko hapa, na kati yao pana ukuta alioujenga mwenyewe kwa maneno ya kweli.

Angeapa? Nani mjini huamini kiapo? Angeuonja yeye, kama desturi ya kwao? Saumu ilikuwa ya sunna, na kwa ajili ya wageni mtu anaweza kuifungua. Mkono wake ulianza kwenda. Kisha akamwona Nyani. Nyani alikuwa amesimama kati ya chakula na ndege, mikono yake mirefu imening'inia, macho yamemkazia yeye. Akimeza tonge moja mbele yake na akabaki mzima, Nyani atajua yote papo hapo. Mikono ile itafagia kila kitu kabla bata hajafungua mdomo.

Bi Pimbi akaurudisha mkono wake. Akageuka, akasema na Bi Bukini, sauti ya chini, haraka kidogo kuliko kawaida yake.

"Mama, hapa desturi ni mwenyeji huonja. Sivyo?"

"Ndivyo. Tunaijua mno."

"Mwonjaji si huyu hapa? Ameonja mikate mitatu, mizima, tangu asubuhi. Kunguru aliona. Tangu hapo amenibeba bustani nzima, amenisukuma kwenye bembea, amebeba mzigo wa punda wawili. Mtazameni. Jua limeshapinda. Mwenye sumu tumboni husimama hivi?"

Bata wote wakamtazama Nyani. Walimtazama kifua, kipana kama jana. Walimtazama miguu, imesimama kama nguzo. Walimtazama tumbo, na tumbo lilikuwa limenyamaza kitambo, kwa kuwa lilikwisha kusaga mikate likawa linasubiri mingine.

Mwenye njaa huelewa haraka kuliko aliyeshiba. Kwa-kwa-kwa, tap-tap-tap, chwap-chwap, bwawa zima likashuka juu ya chakula kama mvua. Mabawa mabovu yalipona, vipofu wakaona.

Ndipo Nyani naye akajitazama. Akakiangalia kifua chake, akaigusa miguu, akalibonyeza tumbo. Alipomaliza kujitazama, palikuwa pamebaki maganda.

"Bi Pimbi," akasema polepole. "Sijafa."

"Al-hamdulillahi."

"Umenidanganya."

"Kwa neno lipi, baba?"

Nyani akafungua kinywa. Akatafuta neno. Akaenda nyuma kwa mawazo mpaka kwenye tembo wa jiwe, akarudi na moja moja: nimefunga, amekula, amekufa, umekolea. Yote yalikuwa ya kweli, hata lile la kuwa ndugu wa Tembo, ambalo ndilo pekee alilokataa kuliamini. Hasira ikampanda mpaka masikioni. Akainua mkono, ule mrefu.

Bi Bukini akaacha kula. Akanyoosha shingo: sssss. Bata wakanyoosha shingo: sssss. Hata vifaranga, midomo imejaa mtama, wakanyoosha walichonacho. Walikuwa na nguvu kidogo sasa, maana walikuwa wamekula.

Mkono wa Nyani ukakaa hewani. Kisha ukashuka taratibu, ukajikuna kichwani, kana kwamba ndiko ulikokuwa ukienda.

"Mungu akubariki, Bwana Nyani," Bi Bukini akasema. "Leo umetulisha. Kesho pia utaleta?"

Nyani akageuza kisogo. Aliondoka, pu, pu, pu, na tangu siku hiyo nyani hali kitu mpaka akigeuze, akinuse, akimenye, akitazame tena upande wa pili. Hamjamwona?

Bi Bukini akamgeukia Bi Pimbi. "Mikate mizuri, mwanangu. Marehemu aliitwa nani, tumwombee kwa jina?"

"Mbaruku."

"Mungu amrehemu Mbaruku," akasema Bi Bukini.

"Mungu amrehemu Mbaruku," wakasema bata.

"Murehemu Baruku," wakasema vifaranga, maana midomo ilikuwa bado imejaa.

Bi Pimbi akakaa kwenye kiti cha mbao kando ya maji, kitupu upande wa pili, akala kwa macho. Hakuna aliyemfukuza. Bata mmoja mzee, bila kuambiwa, akapanda juu ya jiwe na kutazama huku na huku, akimlindia.

Ngano yangu imekatikia hapo. Iliyo tamu chukueni mwende nayo. Iliyo chungu niachieni mimi, nimeizoea.

Na mafunzo yake, kwa kuwa lazima ngano iwe na mafunzo, ni haya. Msimshuku mtu, wanangu, kushuku ni tabia mbaya. Semeni kweli siku zote, kwa sababu kweli haijapata kumwumiza mtu tumbo. Na mkialikwa mahali mkaletewa chakula, kuleni kwa moyo mweupe, bila kuuliza maswali.

Ila mwacheni mwenye nyumba aanze.